Dondoo Muhimu: Mlo wa Nyama Mbichi kwa Fereti

Fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche anayefugwa majumbani Ulaya na Marekani, ni mla nyama halisi ambaye utumbo wake mfupi hupitisha chakula kwa takriban saa 3 hadi 4, hivyo nafaka na matunda hayamfai. Nyama ya misuli pekee haitoshi, kwa kuwa ina fosforasi nyingi na kalsiamu haba. Upungufu huo huzibwa na mifupa mibichi midogo, kama ya shingo au bawa la kuku, ambayo wafugaji wengi huikadiria kuwa asilimia 10 hadi 15 ya mlo. Mifupa iliyopikwa isitolewe kamwe, maana huvunjika vipande vyenye ncha kali. Moyo huongezwa kwa ajili ya taurini, kirutubisho kinacholinda moyo na macho, ilhali ini, lenye vitamini A inayodhuru ikizidi, hubaki karibu asilimia 5. Fereti aliyekomaa hukataa ladha ngeni kwa ukaidi wa ajabu, kwa hiyo mlo hubadilishwa polepole, bila kumshindisha njaa. Mabaki, pamoja na yale anayoyaficha chini ya kochi, huondolewa mapema, kwani bakteria wa salmonela humdhuru mfugaji pia.