Rukanga: Jinsi ya Kusoma Miaka Chini ya Mlima Kasigau

Huko Florida, Marekani, ndani ya bustani ya burudani ya Disney's Animal Kingdom iliyofunguliwa mwaka 1998, kuna kijiji cha Afrika Mashariki kisichokuwa kwenye ramani yoyote. Kinaitwa Harambe. Mabango yake yana Kiswahili, rangi ya kuta imebanduliwa makusudi, na waliokibuni waliiga sura ya Lamu. Mgeni makini akishaingia hujiuliza: hapa ni mwaka gani? Jibu hulipata kwa dalili, hasa pale anapokuta neno Uhuru limeandikwa pamoja na mwaka 1961. Basi mkoloni kashaondoka, ila nyumba zake bado zimesimama.

Nenda Rukanga, kijiji kilicho chini ya Mlima Kasigau nchini Kenya, na jicho hilohilo. Huku hakuna aliyepanga dalili kwa ajili yako. Ziliachwa na watu waliokuwa wakiishi, wengine wakikimbia.

Njia ni hii: shuka Maungu, kituo cha malori kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, ukishapita Voi. Ukija kwa treni ya SGR, teremka Voi kisha upande matatu. Kutoka Maungu ni barabara ya vumbi jekundu katikati ya ranchi zenye ndovu, kwa hiyo safiri mchana na ubebe maji. Kasigau utauona mbele yako muda mrefu kabla hujaufikia, mlima wa zaidi ya mita 1,600 uliosimama peke yake nyikani. Kupanda, anza alfajiri, na chukua kijana wa kijijini akuongoze. Mlipe vizuri.

Mwombe akupeleke kwenye mapango yaliyozibwa kwa kuta za mawe. Mawe yamepangwa tu, hayakushikizwa kwa chochote. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na wenzake, waliochimba kuzunguka mlima huu, wanayahusisha na enzi ya misafara ya watumwa, wakati watu walipohitaji pa kujificha wao na mifugo yao. Simama ndani, utazame nje. Utagundua kwamba wewe unaiona nyika yote, na aliye nyikani hakuoni. Tafadhali usiondoe jiwe hata moja.

Ukiambiwa kitu ni “cha kale”, uliza kale ipi. Chukua kiondo cha mkonge. Mkonge asili yake ni Mexico, na Wajerumani waliuleta Tanganyika mwaka 1893. Kabla ya hapo nyuzi zilitoka kwenye magome ya mibuyu na mimea ya porini. Ufundi wa kusuka una umri mkubwa kuliko uzi unaosukwa leo, na mimi huona hilo linaongeza thamani ya kiondo. Kinunue kwa mwanamke aliyekisuka, bila kumkaba bei.

Hayo yote ni mepesi ukilinganisha na mwaka 1915. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika kwenye mpaka na koloni la Wajerumani, na mwezi Agosti serikali ya Waingereza iliwang'oa Wakasigau wote, wakazi wa mlima huu, kwa tuhuma kwamba waliwasaidia Wajerumani. Wakapelekwa Malindi, pwani, kwenye joto na maradhi wasiyoyazoea. Wengi walifia huko. Waliosalia waliruhusiwa kurudi mwaka 1936. Mtoto aliyebebwa mgongoni wakati wa kuondoka alirudi mtu mzima, kwenye mlima aliousikia kwa masimulizi tu. Kwa hiyo ukiona shamba, kaburi au mti mkubwa, swali zuri kuliko “ni la mwaka gani?” ni “hili lilikuwepo kabla ya Malindi?” Liulize kwa upole, baada ya kupiga hodi, kusalimia na kukaribishwa kuketi. Kamera ibaki mkobani mpaka uruhusiwe.

Wageni wengi huunganisha safari hii na hoteli ya Salt Lick, upande wa barabara ya Voi kwenda Taveta, yenye vijumba vya mviringo juu ya nguzo na wanyama wakinywa maji chini yake. Inapendeza, lakini usiisome kama kijiji cha Wataita, wenyeji wa eneo hili. Ni ubunifu wa miaka ya 1970.

Ukirudi Voi, pitia makaburi ya wanajeshi wa vita ileile. Mawe yamenyooshwa mistari, majina na tarehe vimechongwa. Waliofia Malindi hawamo. Majina yao yaulizie Rukanga, ukiwa bado huko, na uyaandike jinsi utakavyotajiwa.