Woga Unaoua Biti

Wadogo zangu, wengi mmeniuliza jambo moja: "Dada, mashine yangu ndogo ya CNC, hii ya mezani ya kuchongea mbao, inaweza kukata chuma?"

Inaweza, ila si kila mashine. Ile inayoitwa 3018, yenye uwanja wa kazi wa milimita 300 kwa 180, iachieni mbao, plastiki na kuchora majina juu ya shaba. Mota yake ni dhaifu na mwili wake unapinda ukisukumwa. Ninachozungumzia hapa ni mashine yenye fremu nene ya alumini iliyofungwa ruta ya seremala, kwa mfano Makita RT0701C, ambayo kasi yake inashuka hadi mizunguko 10,000 kwa dakika. Hiyo itakata chuma laini chenye unene wa milimita 3, na itakikata vizuri, mkikubali kwenda nayo taratibu pale inapotakiwa.

Na hapo penye "taratibu" ndipo wengi mnapopotea. Mtu akishafunga chuma mezani anaingiwa na woga. Anapunguza mwendo wa mashine hadi milimita 50 kwa dakika, akiamini anaihurumia biti, kumbe anaiua. Pigeni hesabu nami. Biti ya meno 4 ikizunguka mara 10,000, meno yanapita kwenye chuma mara 40,000 kila dakika. Gawanya 50 kwa 40,000: kila jino limepewa milimita 0.00125. Makali ya jino lenyewe, hata likiwa jipya, hayana wembamba wa kuuma kitu kidogo namna hiyo. Basi linasugua tu. Kusugua kunazaa joto, joto linakula makali, na kama ni stenlesi, pale paliposuguliwa panazidi kuwa pagumu, kwa hiyo jino linalofuata linakuta hali mbaya kuliko lililotangulia. Mkisikia mashine inapiga kelele nyembamba na chini pamejaa unga badala ya vijisindano, hicho ndicho kinachotokea.

Kila jino lipeni angalau milimita 0.01. Kwa biti hiyohiyo inakuwa milimita 400 kwa dakika. Najua mtaona ni mbio. Hurumieni mashine kwenye kina: shukeni milimita 0.1 au 0.15 kila biti inapopita juu ya mchoro, si zaidi. Bamba la milimita 3 litachukua mapito 20 hadi 30, na hakuna ubaya. Biti isizamishwe wima moja kwa moja. Iingie kwa mteremko ikizunguka.

Chagueni biti ya kabaidi ya milimita 3 yenye utando wa TiAlN, msichukue ya milimita 6 kwa kudhani kubwa ndiyo imara. Chuma laini kinapenda makali yapite kwa mwendo wa mita 90 hivi kwa dakika. Kwa mizunguko 10,000, biti ya milimita 3 inatoa mita 94. Ya milimita 6 inatoa 188, na ruta ile haiwezi kushuka chini ya mizunguko hiyo 10,000. Safisheni pia koleti kabla ya kufunga. Biti ikiyumba milimita 0.03 tu kwa sababu ya uchafu, jino moja litabeba kazi ya mengine yote na litavunjika.

Sasa nisikilizeni kwa makini zaidi, maana hapa siongelei biti tena, nawaongelea ninyi. Mashine iliyokuwa ikichonga mbao jana imejaa vumbi la mbao. Chembe za chuma zinatoka za moto. Zikiangukia vumbi lile, au zikivutwa na mashine ya kunyonya vumbi yenye mfuko uliojaa unga wa mbao, moto unaweza kufukuta humo kimyakimya kwa saa kadhaa na kuwaka mkiwa mmeshalala. Ondoeni vumbi lote kwanza, na mashine ya kunyonya msiitumie kabisa siku ya chuma. Chembe zikusanyeni kwa sumaku iliyofungwa kwenye kitambaa, na bodi ya umeme ifunikeni vizuri, kwa sababu chuma kikiingia humo kinaunganisha nyaya zisizopaswa kukutana. Miwani ya kazi vaeni. Glavu vueni wakati biti inazunguka. Na ninyi wasichana wangu, mtandio na nywele vichomekwe ndani kabisa.

Chuma kifungwe kwa bolti au klampu. Gundi ya utepe inalainika kwa joto. Chuma bapa chenye gamba jeusi kilowekeni kwenye siki usiku kucha, mkisugue, mkisuuze na kukikausha, kwa sababu gamba hilo linakula makali. Springi za gari msijaribu, ni ngumu mno kwa mashine hizi. Nondo nazo ziacheni.

Na kama kazi ni bamba la milimita 10, au vipande mia vya mteja anayesubiri, pelekeni mchoro wenu kwa fundi mwenye mashine nzito. Mlipeni, simameni kando yake, na mwulizeni kila mnachokiona akikifanya.