Rufaa Si Kesi Mpya: Sema Mapema, Liandikwe

Tuseme mfugaji wa Hadado ameshtakiwa Wajir kwa wizi wa ngamia, akapatikana na hatia na kufungwa. Jamaa wanachanga pesa za kwenda Mahakama Kuu, wakiamini kesi itaanza upya huko. Haianzi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 50(2)(q), inampa kila aliyetiwa hatiani haki ya kukata rufaa, lakini Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai imeiwekea haki hiyo mipaka.

Ukikiri mashtaka
Kwa mujibu wa kifungu cha 348 cha sheria hiyo, aliyekiri kosa hawezi kupinga hatia. Anaweza tu kupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mlango unaosalia ni kuonyesha kwamba hakukiri kwa kuelewa. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, mahakama sharti imsomee mshtakiwa mashtaka kwa lugha anayoielewa, iandike jibu lake, isikilize maelezo ya kisa na kumpa nafasi ya kuyakana. Ikiwa unaelewa Kisomali pekee, dai mkalimani. Katiba inasema hulipi chochote. Usiitikie jambo ambalo hukulielewa.

Ukinyamaza
Kosa la utaratibu pekee halibatilishi hukumu. Chini ya kifungu cha 382, majaji huangalia kama kosa hilo lilimnyima mtu haki, na kama lingeweza kulalamikiwa mapema. Basi ikiwa hujapewa taarifa za mashahidi, au mkalimani anakosea, mwambie hakimu papo hapo na umwombe aliandike.

Mahakama Kuu
Hapa ndipo rufaa ilipo na nguvu zaidi, kwa sababu jaji hupima upya ushahidi wote, akikumbuka kwamba yeye hakuwaona mashahidi wakizungumza. Una siku 14 tangu hukumu. Ukichelewa kwa kukosa nakala ya hukumu au ya mwenendo wa kesi, omba kuongezewa muda. Taja sababu zako zote katika hati ya rufaa: siku ya kusikilizwa huwezi kutegemea sababu ambayo haimo. Aliye gerezani humkabidhi mkuu wa gereza hati hiyo.

Mahakama ya Rufani
Rufaa ya pili ni ya hoja za sheria tu, na kifungu cha 361 kinasema ukali wa adhabu si hoja ya sheria. Tarehe 12 Julai 2024, Mahakama ya Juu ilirejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufani ilikuwa imekipunguza hadi 15. Ilisema hoja ya kwamba adhabu hiyo ilikiuka Katiba haikuwa imefikishwa ipasavyo tangu mahakama za chini.

Ushahidi mpya
Ukishindwa hadi mahakama ya mwisho, au usipokata rufaa kwa wakati, kifungu cha 50(6) cha Katiba kinakuruhusu kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya. Lakini sharti ushahidi uwe mpya na mzito.

Ndugu msomaji, jamaa yako akihukumiwa leo, ombeni leo hii nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi, kisha mtafute wakili au ofisi ya msaada wa kisheria kabla ya siku 14 kwisha. Na kesi ikiwa bado inaendelea, semeni sasa.