Umeme Tuli na Dumu la Petroli

Ukivua sweta la nailoni gizani huenda ukaona vicheche na kusikia mlio mdogo. Huo ni umeme, ingawa hakuna waya wala betri. Umetokana na msuguano.

Kila kitu kimeundwa kwa atomu, na ndani ya atomu mna protoni zenye chaji chanya na elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida chaji hizo hulingana. Vitu viwili vikisuguana, elektroni huhama: kilichozipoteza hubaki na chaji chanya, kilichozipokea hupata chaji hasi. Jaribu nyumbani. Chana nywele kavu kwa kitana cha plastiki, kisha kisogeze kwenye vipande vidogo vya karatasi. Vitarukia kitana na kuganda.

Chaji ya kwenye chuma kilichogusa ardhi hukimbilia chini mara moja. Ya kwenye plastiki hukwama palepale. Unyevu wa hewa huipunguza, ndiyo maana wakazi wa Dodoma wakati wa kiangazi huhisi mishtuko ya umeme huu zaidi kuliko wa Dar es Salaam.

Sasa fikiria kituo cha mafuta. Petroli ikipita kwenye mpira wa pampu husuguana nao na kubeba chaji hadi ndani ya dumu. Dumu likiwa juu ya kiti cha pikipiki, chaji haina njia ya kutoka. Hujilimbikiza, kisha huruka kama cheche. Mvuke wa petroli huwaka kwa cheche yenye nishati ya robo tu ya milijuli. Cheche unayoihisi kidoleni kama mchomo wa sindano kwa kawaida imeshazidi kiwango hicho.

Kwa hiyo teremsha dumu, uliweke chini kabisa, juu ya zege au udongo. Mdomo wa pampu uguse shingo ya dumu muda wote, na mafuta yaingie polepole. Tumia dumu lililotengenezwa kwa ajili ya petroli; chupa ya maji haifai, hata kwa lita moja. Waya ambao wafanyakazi hufunga kwenye lori la mafuta kabla ya kushusha mzigo una kazi hiyohiyo ya kuipa chaji njia ya kwenda ardhini.

Moto ukizuka mdomoni mwa tangi au dumu, usichomoe pampu, kwani utamwaga petroli inayowaka. Iache, rudi nyuma haraka na mpigie kelele mhudumu azime swichi ya dharura.