Somo: "Lent" au "Rent"?

Ndugu wanakikundi, huku Embu na Meru wengi wetu twachanganya L na R. Hata "kura" huwa "kula". Kwa maongezi si neno, lakini kwenye daftari la kikundi pesa zinapotea.

Tuseme mweka hazina asema kikundi "lent" mama fulani shilingi 5,000, yaani kimemkopesha. Katibu asikia "rent", kodi ya nyumba, anaandika hivyo. Mwaka ukiisha, deni limegeuka matumizi, na hakuna wa kudaiwa!

"Principal" na "principle" hata Mwingereza hutamka sawa. La kwanza ni pesa ulizokopa bila riba. La pili ni kanuni.

Zoezi: Someni kumbukumbu za mkutano uliopita. Penye "lent", katibu aandike "mkopo", jina na tarehe ya kulipa.