Umebadili mfumo wa kompyuta, gemu imekuwa nzito: maswali na majibu

Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Tangu siku hiyo mwenye kompyuta mpakato ya mtumba ana njia tatu: kupiga Windows 11, kuhamia Linux, au kubaki alipo na kubahatisha usalama wake. Wengi waliofuata moja ya zile mbili za kwanza wamekutana na jambo lilelile: barua zinaandikwa, filamu zinachezwa, lakini gemu iliyokuwa ikiteleza sasa inakwama.

Hapa tumeyakusanya maswali ambayo mcheza gemu wa Tunduma, Vwawa au Mlowo hukutana nayo baada ya kuhama. Majibu yote yanasimama juu ya kanuni moja. Kubadili mfumo endeshi hakupunguzi nguvu ya chuma. Kinachobadilika ni njia ambayo gemu inapita hadi kuifikia chipu ya picha. Itafute njia hiyo ilipozibwa kabla hujatoa pesa.

Shikamoo mtaalamu. Nina HP EliteBook 840 G3. Kwenye Windows 10, PES 2017 ilikwenda vizuri. Fundi amenipigia Windows 11, sasa mpira unarukaruka kwenye skrini na kipa anadaka goli limeshaingia. Mashine imechoka?

Marahaba. Haijachoka. Anza kwa kujua ulichonacho. Katika familia ya EliteBook 840, G1 ina prosesa za Intel za kizazi cha 4, G2 cha 5, G3 cha 6, G4 cha 7 na G5 cha 8. Namba ya prosesa nayo inasema: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8. Kwa prosesa za Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, ukiacha chache sana, na inadai pia chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hiyo fundi wako alikipita kizuizi kwa mlango wa nyuma. Hilo peke yake haliui gemu, ila hakuna aliyekuahidi kwamba kila kifaa ndani ya mashine hiyo kitapata draiva inayokifaa.

Hatua ya pili ni kupima. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na G, fungua kidirisha cha Performance na ukiache kionekane wakati unacheza. Kitakuonyesha fremu kwa sekunde, pamoja na mzigo ulioko kwenye prosesa na kwenye chipu ya picha. Fremu 60 ni laini, 30 inachezeka, chini ya 20 ni mateso. Andika namba uliyoipata. Kisha badilisha kitu kimoja tu, upime tena. Anayebadilisha vitano kwa mpigo hatajua kipi kilichomsaidia, na kesho tatizo likirudi ataanza upya.

Nitajuaje kama draiva ya picha ipo?

Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, chagua Device Manager, fungua Display adapters. Ukikuta jina la chipu yako, kwa mfano Intel HD Graphics 520, draiva ipo. Ukikuta Microsoft Basic Display Adapter, mwizi umemkamata. Hiyo ni draiva ya dharura: inawasha skrini ili uweze kufanya kazi, lakini haiitumii chipu ya picha kuchora gemu. Prosesa ndiyo inayobebeshwa mzigo wote.

Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta, kwa modeli yako hasa, au kwa Intel, AMD au Nvidia wenyewe. Ziepuke programu zinazojinadi kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo. Nyingi huja na matangazo na wageni wengine usiowaalika.

Na ushauri wa kuokoa bando: kabla fundi hajafuta mfumo wa zamani, weka draiva ya Wi-Fi na ya picha kwenye flashi. Kama umeshachelewa na kompyuta haioni Wi-Fi, iunganishe simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti. Mara nyingi Windows huitambua simu bila kuhitaji chochote kingine.

Draiva ipo, jina ni sahihi, lakini bado fremu zimeshuka. Kuna nini?

Tazama kipengele kinachoitwa Memory integrity. Utakipata ndani ya Windows Security, sehemu ya Device security, chini ya Core isolation. Kazi yake ni kuzuia programu haramu zisijipenyeze kwenye kiini cha mfumo. Kwenye mashine nyingi za Windows 11 huwa kimewashwa tangu mwanzo. Kulinda huko kuna gharama, na mwaka 2022 Microsoft yenyewe ilikiri kwamba wacheza gemu wanaweza kukizima kwa muda ili wapate kasi.

Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 7 zina msaada wa ndani unaopunguza gharama hiyo. Za nyuma yake hazina, kwa hiyo kazi inafanywa kwa programu tupu na mzigo unakuwa mkubwa zaidi. G3 yako iko upande huo. Ukikuta kimewashwa, kizime, washa upya na upime. Namba isipopanda, kirudishe, maana utakuwa umeuza ulinzi wako bure. Na kama kompyuta hiyohiyo ndiyo unayofanyia miamala ya benki, fikiri mara mbili.

Mimi nimehamia Linux Mint. Gemu za Windows nyingine zinakwenda vizuri ajabu, nyingine zinatoa picha moja moja. Kwa nini zisiwe sawa?

Kwa sababu gemu nyingi za Windows huagiza picha kwa Direct3D, na Linux haina Direct3D. Mradi wa Wine umekuwa ukiziendesha programu za Windows kwenye mifumo mingine tangu 1993. Mwaka 2018 kampuni ya Valve ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine, na ndani yake mna DXVK, inayogeuza amri za Direct3D kuwa za Vulkan, ambazo Linux inazielewa. Mkazi wa Tunduma ataelewa haraka: mzigo ni uleule, ila mpakani unabadilishiwa nyaraka. Nyaraka zikikubalika upande wa pili, safari haicheleweshwi. Zikikataliwa, mzigo unalala.

Zinakataliwa lini? Proton 8.0, iliyotoka 2023, ilianza kudai Vulkan 1.3. Chipu za picha za Intel za kizazi cha 4, kama ile ya EliteBook 840 G1, hazifiki hapo. Gemu ama inagoma kufunguka, ama kazi inaangukia kwa prosesa.

Fungua terminali, sakinisha mesa-utils na vulkan-tools, kisha andika glxinfo -B, halafu vulkaninfo --summary. Ukiona jina la Intel, AMD au Nvidia, chipu yako inatumika. Ukiona llvmpipe peke yake, picha zinachorwa na prosesa, na hakuna mpangilio wa ndani ya gemu utakaokuokoa.

Kwa mashine ya kizazi cha 4, ingia kwenye sifa za gemu ndani ya Steam na uchague Proton 7.0 badala ya mpya. Ikishindikana, kwenye sehemu ya amri za kuanzia andika PROTON_USE_WINED3D=1 %command%, ili ipite kwa OpenGL. Utapoteza kasi kiasi, lakini utacheza. Na kama gemu bado zimekaa kwenye kizigeu cha zamani cha Windows cha NTFS, zihamishie kwenye kizigeu cha Linux. Proton haielewani vizuri na NTFS.

Kompyuta yangu ina kadi ya Nvidia, lakini kwenye Linux ni kana kwamba haipo.

Angalia mambo mawili. La kwanza ni draiva. Linux huanza na draiva huria ya nouveau, na kwa kadi za GTX za mfululizo wa 900 na wa 10, nouveau haiwezi kuipandisha kadi kwenye kasi yake kamili. Kadi inabaki kwenye mwendo ule wa kuwashia. Katika Linux Mint fungua Driver Manager, chagua draiva ya Nvidia inayopendekezwa, kisha washa upya.

La pili ni kwamba kompyuta mpakato nyingi zina chipu mbili, ya Intel ya kazi ndogo na ya Nvidia ya kazi nzito. Gemu inaweza kuwa inapita kwenye ile dhaifu bila wewe kujua. Baada ya kuweka draiva, tumia programu ya Nvidia kuchagua kadi kubwa. Kwenye Windows nako kosa hili hutokea baada ya kupiga upya: nenda Settings, System, Display, Graphics, uichague gemu na uipe High performance.

Nina kibanda cha gemu karibu na barabara kuu. Baada ya kuziwekea Dell Latitude zangu Windows mpya, moja imekuwa nzito kupita zote, na zote zilipigwa kwa flashi ileile. Nimwite fundi arudie?

Hapana, bwana. Flashi ni moja, draiva ni zilezile, iliyokosea ni moja; basi tafuta kwenye chuma. Anza na chaja. Kompyuta za Dell huisoma chaja kujua ni ya wati ngapi. Isipotambulika, kwa sababu si halisi au pini ya katikati imekatika, kompyuta hutoa onyo wakati wa kuwaka, hugoma kuchaji betri na hushusha mwendo wa prosesa. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, utazame Speed wakati gemu inacheza. Ikiganda chini ya GHz 1, azima chaja ya jirani yake upime.

Kama chaja ni nzima, tazama joto. Barabara ya malori haikosi vumbi, na vumbi hupenda feni. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Dalili yake: gemu inaanza vizuri, kisha inazidi kuwa nzito kadiri inavyochezwa. Baridi ya Mbozi na Ileje ya Juni na Julai inaweza kuificha dalili hiyo, ikaja kujitokeza Oktoba. Safisha feni, ubadilishe pia ile pesti ya joto juu ya prosesa.

Jambo la mwisho ni umeme. Kompyuta yenye betri iliyokufa ikizimika katikati ya sasisho, mafaili ya mfumo huharibika. Fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, andika sfc /scannow na uiache imalize.

Gemu ni laini, ila kila nikiingia eneo jipya inasita. Zamani haikuwa hivyo.

Hiyo ni kwikwi ya siku za mwanzo. Gemu nyingi huandaa programu ndogo za kuchora mwanga na vivuli, kisha huzihifadhi ili zisiandaliwe tena. Ulipofuta mfumo, akiba hiyo ilifutika nayo. Cheza kwa muda, itajijenga. Vilevile Windows mpya siku za kwanza hupakua masasisho na kupanga faili kimyakimya, ikila prosesa, diski na bando. Weka mtandao wako kuwa Metered connection, na usipime siku hiyohiyo uliyopiga.

Isipotulia, tazama RAM. Chipu ya picha iliyomo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake. Inakopa kwenye RAM ya kompyuta. Ukiwa na GB 4 na Windows 11, hakuna kinachobaki cha kukopesha. Na kama ni GB 8 kwenye kipande kimoja, vipande viwili vya GB 4 vitaipa chipu hiyo njia mbili badala ya moja, na mara nyingi fremu hupanda waziwazi.

Fundi kaniambia nishushe ukubwa wa picha. Inasaidia kweli?

Sana. Mfumo mpya huchagua ukubwa kamili wa skrini, na gemu hufuata. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 za kuchora kwa kila fremu. Ukishusha hadi 1280 kwa 720 zinabaki 921,600, pungufu ya nusu. Kwa chipu ndogo ya Intel, hiyo ndiyo dawa ya bei rahisi kuliko zote. Baada ya hapo punguza vivuli, kisha umbali wa kuona.

Kuna gemu zimekataa kabisa kwenye Linux. Nikizungusha mipangilio zitakubali?

Si zote. Baadhi ya gemu za mtandaoni zina walinzi wa kuzuia udanganyifu, na walinzi hao hawaikubali Linux. Valorant na Fortnite ni mfano. GTA Online nayo ilifunga mlango Septemba 2024 ilipoweka mlinzi aitwaye BattlEye, ingawa hadithi ya GTA V ya kucheza peke yako bado inakubali. Kama maisha yako ni gemu hizo, bakiza Windows kwenye kizigeu chake, uchague mfumo wakati wa kuwasha.

Nimefanya yote. Nirudi Windows 10, au ninunue mashine nyingine?

Kama uliipandisha Windows 10 kuwa 11 bila kufuta kitu, una siku 10 za kurudi kupitia Settings, System, Recovery. Zikipita, kurudi ni kupiga upya. Na ukirudi, jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama ambao Microsoft imeupanga kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026.

Ukiamua kununua, nenda dukani na gemu yako kwenye flashi. Mwombe muuzaji awashe kompyuta mbele yako, ufungue Task Manager na usome mambo matatu: namba ya prosesa, jina la chipu ya picha, na RAM imekaa kwenye vipande vingapi. Tazama kama chaja inatambulika. Kisha cheza dakika 20 nzima palepale, namba ya fremu ikionekana. Zikianza kushuka kabla muda haujaisha, mrudishie mashine yake.