Vidokezo 7 vya Kuandika Maelezo ya Zana ya Kufuta, Wakala Asije Akabomoa Ratiba

Programu za kupanga ratiba za miradi zinazidi kuwafungulia mlango mawakala wa akili unde, hasa tangu Anthropic ilipotoa MCP, itifaki ya kuwaunganisha mawakala na zana za nje, mnamo Novemba 2024. Timu huandika zana ya kusoma kazi, ya kuongeza, ya kusogeza tarehe, kisha ya kufuta. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuikalia kitako. Wakala hakuwepo kwenye kikao chenu cha mradi; kuhusu zana hiyo anajua yale tu uliyomwandikia.

1. Taja vyote vinavyoondoka pamoja. "Hufuta kazi" haitoshi. Katika Microsoft Project, ukifuta kazi mama, kazi ndogo zote zilizo chini yake huenda nayo. Mtu aliye mbele ya skrini huona mistari ikitoweka akashtuka na kutendua papo hapo. Wakala hana skrini ya kumshtua. Mwandikie hivi: "Hufuta kazi moja pamoja na kazi ndogo zote zilizo chini yake, maoni, viambatisho na saa zilizojazwa na wafanyakazi. Haigusi kazi za miradi mingine." Sentensi hiyo ya mwisho usiiache. Kusema zana inaishia wapi ni muhimu sawasawa na kusema inafanya nini.

2. Eleza viungo kati ya kazi vitakuwaje. Hapa ndipo ratiba inapotofautiana na orodha ya kawaida ya mambo ya kufanya, na ndipo maelezo mengi yanapokaa kimya. Chukua ujenzi wa nyumba: kumwaga zege la msingi, kulimwagilia maji siku 7, kisha kuinua ukuta. Wakala akifuta ile kazi ya katikati kwa kudhani ni ya ziada, mambo mawili yanaweza kutokea. Programu ikiunganisha zege na ukuta moja kwa moja, mafundi wataambiwa waanze kupanga tofali juu ya zege bichi. Ikiacha pengo, ukuta hauna tena kinachoutangulia, na tarehe yake inaweza kurukia siku ya kwanza ya mradi, kabla hata msingi haujachimbwa. Andika waziwazi programu yako inafanya lipi kati ya hayo, na umtake wakala asome kazi zinazotangulia na zinazofuata kabla ya kufuta chochote.

3. Dai namba ya kudumu, si namba ya mstari. Kwenye Microsoft Project namba ya mstari hubadilika kila kazi inapofutwa au kuhamishwa, lakini ile namba ya kipekee ya kazi haibadiliki. Wakala aliyeagizwa kufuta mstari wa 12 na wa 13 atafuta wa 12, wa 14 utapanda kuwa wa 13, naye atauondoa huo bila kujua. Jina la kazi nalo halifai: mradi wa ghorofa una "Kupaka rangi" kila sakafu.

4. Mwonyeshe njia nyingine. Anayesema "niondolee kazi hii" mara nyingi anataka isimsumbue machoni, au imesitishwa, au imekwisha. Taja ndani ya maelezo yaleyale zana ya kufunga, ya kusitisha na ya kuhifadhi, na useme kila moja inatumika lini. Kazi iliyokwisha kufanyika isifutwe kabisa. Malipo na madai ya mkandarasi huegemea kumbukumbu hiyo.

5. Sema kama inarudi, na kwa muda gani. Asana huweka kazi zilizofutwa kwenye kapu la taka kwa siku 30. Yako je? Julai 2025 wakala wa Replit, jukwaa la kuandikia programu, alifuta hifadhidata iliyokuwa ikitumika, kisha akamwambia mtumiaji kwamba haiwezi kurejeshwa, kumbe iliwezekana. Wakala asiyejua njia ya kurudi hubuni jibu, na mwenye data hupoteza matumaini, hata akaanza upya kazi ambayo ingeokolewa.

6. Weka alama, ila usiitegemee. MCP ina alama ya "destructiveHint" inayoonya kwamba zana inaharibu. Iweke. Hata hivyo, kwa itifaki yenyewe hiyo ni ishara tu, si kufuli. Kufuli liwe kwenye seva: mwito wa kwanza urudishe orodha ya vitakavyofutika pamoja na msimbo, wa pili ufute pale tu msimbo huo unapoletwa baada ya mtu kuridhia. Eleza hatua zote mbili kwa mfuatano wake.

7. Andika majibu kwa uangalifu uleule. Baada ya kufuta, rudisha majina ya kazi zilizoondoka na tarehe mpya ya mwisho wa mradi, ili wakala amwambie mtumiaji kwamba makabidhiano yamesogea. Kosa nalo liongoze: "Kazi hii ina saa zilizojazwa, ifunge badala ya kuifuta" linamsaidia kuliko "Kosa 409" tupu, ambalo litamfanya ajaribu tena na tena. Ukimaliza, mpe wakala ratiba ya majaribio na agizo lenye utata, mfano "safisha kazi za mwezi uliopita", uone kama atauliza kwanza. Akifuta bila kuuliza, rudi kwenye maelezo yako uyaandike upya.